Risasi, mitokondria na watoto wa Owino Uhuru

Wadau, leo tuiweke kompyuta kando kidogo, ila tusiende mbali nayo. Chungulia chini ya meza yako. Kama unatumia UPS, ndani yake huenda mna betri ya risasi na asidi, ndugu wa ile iliyomo kwenye matatu, kwenye tuktuk na kwenye sola nyingi zilizopanda juu ya mabati yetu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Siku ikifa, mnunuzi wa vyuma chakavu anaibeba, anakupa pesa yako, mnaagana. Inakwenda wapi baada ya hapo?

Kwetu Miritini jibu halikuwa mbali. Eneo bunge la Jomvu lina wadi tatu: Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani. Huko Mikindani kuna mtaa unaoitwa Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, Metal Refinery (EPZ), kilianza kazi pembeni mwa mtaa huo. Kikasimama mwaka 2014. Kesi iliyozaliwa na kiwanda hicho ilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya.

Magazeti yameandika mengi juu ya kesi yenyewe. Mimi nataka kuandika juu ya kitu kilicho nyuma yake, nacho ni historia ya kipimo. Risasi haina ugonjwa wenye sura yake peke yake. Mtoto anachoka, tumbo linamuuma, damu inapungua, anakuwa mzito wa kushika masomo. Hapa pwani mtoto wa namna hiyo utaambiwa ana malaria, kama si malaria ni minyoo. Bila namba kutoka maabara, risasi ni kama haipo. (Na kabla hujaniuliza: ndiyo, hii ni risasi ileile ya bunduki. Kiswahili kimeyapa madini na kombora jina moja kwa kuwa moja lilitengenezwa kwa jingine. Hapa nasema madini.)

Alama ya kwanza ambayo madaktari waliikubali ilionekana kwa macho. Mwaka 1840 daktari Henry Burton wa London alieleza mstari wa buluu unaotokea kwenye ufizi wa watu waliokula au kuvuta risasi nyingi. Ilikuwa hatua kubwa, lakini mstari ule ulikuja mtu akiwa tayari amejaa sumu. Ni kama programu inayokuonya diski imejaa baada ya mashine kuzima.

Kuipata alama ya mapema kulihitaji kujua risasi inaharibu nini ndani ya seli, na njia ya kufika huko ilipitia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiitafuta risasi. Mwaka 1945 David Shemin wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikula gramu 66 za glaisini kwa siku tatu. Glaisini ni moja ya matofali madogo ya protini, na ile ya Shemin ilikuwa imetiwa naitrojeni nzito ili aweze kuifuatilia mwilini. Halafu akawa anajitoa damu, wiki baada ya wiki, na kupima. Tunaoandika programu tunaijua kazi hii: unaweka alama kwenye data, unaiingiza upande mmoja, unakaa upande wa pili kuona itatokea wapi na lini. Ya Shemin ilitokea kwenye hemu, kile kipande chenye chuma kinachoipa damu wekundu wake na uwezo wa kubeba oksijeni. Tena ikakaa humo karibu miezi minne, ndipo ikaanza kutoka. Kwa mlo huo mmoja akajua mambo mawili, hemu inajengwa kutokana na nini, na seli nyekundu inaishi muda gani. Ni takriban siku 120.

Kazi ya miaka iliyofuata ilionyesha jinsi hemu inavyoundwa, na hapa ndipo mitokondria inapoingia. Shuleni tulifundishwa kuwa mitokondria ni kinu cha umeme cha seli, tukanakili mchoro wenye mikunjo, basi. Ni kweli inatoa nishati, lakini ni karakana pia. Ina hata maelekezo yake yenyewe ya urithi, herufi 16,569 tu, zinazotoka kwa mama. Ukizibana kwa biti mbili kila herufi, zinaingia kwenye kilobaiti 4 na kidogo, pungufu ya picha ndogo ya wasifu wako.

Ujenzi wa hemu huanza ndani ya mitokondria za seli changa zilizo kwenye uboho wa mifupa. Glaisini inaunganishwa na kitu kingine na kuwa asidi ya aminolevulini. Hiyo inatolewa nje ya mitokondria, na nje huko kimeng'enya kiitwacho ALAD kinaunganisha vipande viwili viwili. Baada ya hatua kadhaa kazi inarudishwa ndani ya mitokondria ikamaliziwe. Wakati huo umeshapatikana mduara wenye tundu katikati, uitwao protopofirini, na kimeng'enya cha mwisho, ferokelatasi, kinatumbukiza chembe moja ya chuma katika tundu lile. Hemu imekamilika.

Risasi inapiga mahali pawili katika mstari huo. ALAD hufanya kazi kwa msaada wa zinki. Risasi inamng'oa zinki na kukaa kwenye kiti chake, kimeng'enya kinalala. Asidi ya aminolevulini inakosa pa kwenda, inarundikana, inamwagikia hata kwenye mkojo, na huko pia inaweza kupimwa. Pigo la pili ni kule mwisho, ndani ya mitokondria, ambako risasi inazuia chuma kuingia kwenye mduara. Tundu haliachwi wazi lakini. Zinki inaingizwa badala ya chuma, na badala ya hemu tunapata zinki protopofirini, kitu kisichoweza kubeba oksijeni hata kidogo.

Sasa sikilizeni jambo linalonifurahisha kuliko yote katika habari hii. Seli nyekundu ikikomaa, inatupa kiini chake na mitokondria zake zote. Inabaki mfuko wa himoglobini. Maana yake kosa lililofanyika kwenye uboho haliwezi kurekebishwa tena, kwa sababu karakana haipo. Zinki protopofirini inazunguka na seli ile siku zote 120 za uhai wake. Ni logi. Imeandikwa mara moja, imefungwa, inasomeka tu. Ukichukua tone la damu leo unasoma hali ya mitokondria za uboho kwa miezi minne iliyopita.

Na nani aliyetengeneza kisomeo chake? Si hospitali. Ni Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, palepale ilipozaliwa transista mwaka 1947 na mfumo wa Unix mwaka 1969. Mwaka 1974 Angelo Lamola na Tetsuo Yamane walichapisha kwamba kile kinachorundikana katika damu ya wenye sumu ya risasi ni zinki protopofirini. Kitu hicho kina tabia moja nzuri sana: ukikimulika kwa mwanga wa buluu ya zambarau, kinarudisha mwanga mwekundu. Wenzao katika maabara hiyo wakaunda chombo kidogo, hematofluoromita. Tone moja la damu juu ya kioo, taa, kisha namba. Hakuna kemikali wala kungoja majibu kutoka mji mwingine. Watoto wengi wa Marekani walipimwa kwa chombo hicho. Mafundi wa simu ndio waliowapa madaktari taa ya kumulikia karakana ya mitokondria. Ningependa wanaosema elimu za kompyuta na tiba ni nyumba mbili wasiojuana wasome aya hii mara mbili.

Lakini kila logi ina udhaifu wake, na ya hii ulikuwa mkubwa. Kwanza, zinki inaingia kwenye tundu hata pale ambapo kosa si la risasi, ila chuma hakipo tu. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma anang'aa wekundu uleule. Fikirieni kutumia kipimo hicho pekee pwani yetu, palipo na minyoo na vyakula visivyo na chuma cha kutosha. Ubaya ni kuwa mambo haya mawili hayakai mbalimbali: mwili wenye njaa ya chuma unafyonza risasi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa navyo vyote viwili. Pili, taa ile huanza kuona risasi ikiwa imefika kiasi cha maikrogramu 25 kwa desilita moja ya damu. Chini ya hapo iko kimya.

Kwa muda kimya hicho hakikumsumbua mtu, kwa sababu 25 ndiyo iliyokuwa namba ya kuamkia. Hebu tazameni namba ilivyotembea Marekani, ambako dunia ilizoea kuangalia. Miaka ya 1960 mtoto alihesabiwa ana tatizo akifika 60. Mwaka 1970 ikawa 40. Mwaka 1975 ikawa 30, na 1985 ikashuka hadi 25. Mwaka 1991 ikawa 10, na hapo ile taa ya Bell Labs ikapoteza kazi yake ya kuwachuja watoto. Ikabidi ipimwe risasi yenyewe ndani ya damu. Mwaka 2012 ikawa 5. Mwaka 2021 ikawa 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Mtoto mwenye 20 mwaka 1980 aliandikiwa mzima. Damu ileile mwaka 1992 ingeandikiwa ugonjwa. Sisi tunajua kitu kinachoitwa kigezo kilichoandikwa ndani ya msimbo: namba moja kwenye mstari mmoja, mtu fulani aliiweka, na kila anayepita anahukumiwa nayo bila kumwona aliyeiweka.

Kilichoishusha ni ushahidi, na sehemu ya ushahidi ilitoka kinywani mwa watoto. Herbert Needleman, daktari wa watoto wa Marekani, alijua kuwa damu inasahau upesi. Risasi haikai katika damu muda mrefu; baada ya takriban mwezi mmoja nusu imeshaondoka, sehemu kupitia figo na sehemu kuhamia kwenye mifupa. Jino la utotoni halisahau hivyo. Basi akakusanya meno yaliyong'oka ya wanafunzi wa shule, akapima risasi iliyomo, na mwaka 1979 akachapisha kuwa waliokuwa na risasi nyingi menoni walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili na walikuwa wagumu kutulia darasani, ingawa hakuna aliyewahi kuwaona kuwa wagonjwa. Watu wenye masilahi walimsakama kwa miaka mingi baadaye. Petroli yenye risasi ilikomeshwa polepole nchi kwa nchi. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa mwisho wa 2005.

Kwa nini akili? Hapo tunarudi tena kwenye mitokondria. Risasi inajifanya kalisi. Inapita milango ya kalisi, na kalisi ndiyo inayoingia mitokondria kuiambia kazi iongezwe au ipunguzwe. Mgeni mwenye kitambulisho bandia akiingia humo, uzalishaji wa nishati unavurugika, na ikizidi, utando wa mitokondria unatoboka na seli inapewa amri ya kujiua. Ubongo wa mtoto mdogo ndio unaojenga miunganiko yake, unakula nishati kupindukia. Halafu tumbo la mtoto linafyonza sehemu ya risasi iliyo kubwa mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima, na mtoto ndiye anayekaa chini, anayetia mikono kinywani.

Haya, sasa mnajua vya kutosha kuelewa kilichotokea Mikindani.

Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu. Huhitaji tanuri la ajabu, na ndiyo maana hata jiko la uani linaweza. Kinachohitaji ujuzi na gharama ni kuzuia moshi, vumbi na maji ya asidi yasiwafikie majirani. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda kile kushughulikia uhusiano na jamii, na kati ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya athari kwa mazingira. Ripoti haikuwafurahisha wenye kiwanda. Muda si muda mwanawe mchanga akaugua. Kama Omido mwenyewe alivyosimulia mara nyingi, madaktari walianza na malaria na homa ya matumbo, ndiyo desturi yetu. Kipimo cha risasi kilipofanywa baadaye kilikuja na 35. Linganisheni na 3.5. Mtoto alikuwa ananyonya, na Omido alikuwa akishinda kiwandani. Sumu ilikuwa imepitia katika maziwa.

Aliacha kazi, akaanzisha shirika la CJGEA, akaandamana na wakazi, mwaka 2012 akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, akaachiliwa na mahakama. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Haya mnayajua.

Pengine msilolijua ni utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wataalamu wa Kenya na wenzao, ambao kwangu ni kati ya kurasa muhimu kuwahi kuandikwa juu ya upande huu wa Mombasa. Walichukua watoto 65 wa Owino Uhuru na 65 wa Bangladesh, mtaa mwingine wa hapahapa Jomvu, wenye maisha yanayofanana. Udongo wa Owino Uhuru ulikuwa na wastani wa miligramu 146.5 za risasi kwa kilo. Wa Bangladesh 11.5. Damu ya watoto: wastani wa 7.4 kwa Owino Uhuru, 3.7 kwa Bangladesh.

Tulieni kwenye hiyo 7.4. Kwa kigezo cha 1991, mtoto wa wastani wa Owino Uhuru hana neno, nenda nyumbani. Kwa kigezo cha 2012 ana tatizo. Kiwanda kilifunguliwa chini ya kigezo kimoja na kufungwa chini ya kingine. Na kwa kigezo cha 2021 hata wastani wa Bangladesh, mtaa uliowekwa uwe wa kulinganishia, umevuka mstari. Sijaona watu wakiliongea hili, nalo linanitia wasiwasi kuliko namba ya kwanza, kwa kuwa Bangladesh haikuwa na kiwanda mlangoni.

Tena 7.4 ni mahali pabaya kwa namna nyingine. Dawa za kuivuta risasi itoke mwilini hupendekezwa mtoto akifika 45. Chini ya hapo tiba ni moja tu, kuondoa chanzo. Yaani udongo wenyewe.

Ndiyo maana nafurahi kwamba ile hukumu haikuwa ya pesa tupu. Tarehe 16 Julai 2020 Jaji Anne Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, aliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na akaagiza mazingira yasafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuyasafisha. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kutoka kiwanda kuanza mpaka hukumu hiyo ya mwisho ni miaka 17. Katika damu, risasi ya mwaka 2010 ilishapungua zamani. Ukimpima leo mtu aliyehama mtaa ule unaweza kukuta namba ndogo, na mtu asiyejua akasema huyu hana kitu. Zinki protopofirini yake ilikufa na seli zake ndani ya siku 120. Kilichobaki kimo ndani ya mifupa. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyonayo imo humo, kwa mtoto karibu robo tatu, na katika mfupa mgumu nusu yake huchukua miaka kumi hadi thelathini kutoka. Damu ni kashe, mfupa ndio diski.

Na diski husomwa tena. Miaka ya 1990 Brian Gulson na wenzake huko Australia waliwafuatilia wanawake waliohamia kutoka Ulaya Mashariki. Risasi ya nchi moja na ya nyingine hutofautiana kwa uwiano wa isotopu, kwa hiyo waliweza kujua ipi katika damu ilikuwa ya nchi mpya na ipi ilitoka nyumbani ikiwa imehifadhiwa mfupani. Wanawake wale waliposhika mimba, na zaidi waliponyonyesha, ya zamani ilianza kurudi kwenye damu. Mwili ulikuwa unavunja mfupa upate kalisi ya mtoto, na risasi ikatoka pamoja nayo.

Msichana aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka kiwanda kilipoanza alitimiza miaka 18 mwaka 2025. Akija kliniki ya wajawazito, hapa Miritini au kokote alikohamia, kadi haina mahali pa kuandika alikulia wapi. Utafiti mmoja wa Mexico uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa wajawazito miligramu 1,200 za kalisi kila siku, na risasi katika damu yao ikapungua kwa takriban asilimia 11. Si nyingi, ila vidonge vya kalisi vipo kwenye maduka ya dawa, maziwa yapo, na omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao wapo kila soko kuanzia Kongowea mpaka Changamwe.